Mahali Pasipo na Umande

Chaka, Agosti 1997
Alasiri

Mwanangu Wanja,

Nakuandikia tukiwa bado tunalala nyumba moja, na mtu akinikuta atanicheka. Umeenda Nyeri mjini kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia mpaka ule sahani mbili za irio na umalize habari zote za goti lake. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Sitakuandikia habari za soksi, wala chakula, wala kanisa. Hayo nimeyasema wiki hii yote na nimeona unavyogeuza macho.

Nataka kujibu neno ulilosema jana jioni ukiosha vyombo. Ulisema, "Mama, mimi siendi." Hukugeuka. Ulisema kama mtu anayetaja kwamba sabuni imeisha. Nilinyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Mimi ni mtu wa kukawia kujibu; hata baba yako aliposikia jibu langu alikuwa amekwishakata tamaa, anatafuta mwingine.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi Mmeru, yeye Mgikuyu, tulichumbiana kwa Kiswahili cha darasani kwa kuwa kila mmoja aliona haya kukosea lugha ya mwenzake, na wewe ukazaliwa humo. Shajara yangu pia naiandika hivyo tangu nilipotoka kidato cha nne. Kwa kusema nakushinda, lakini ukinitazama nasahau. Kwenye karatasi sisahau.

Najua kwa nini hutaki kwenda ng'ambo. Si baridi ya huko, wala si masomo. Ni ile sehemu nyuma ya jikoni.

Tangu likizo hii ianze umekuwa ukiamka kabla yangu. Nasikia mlango wa nyuma, nasikia viatu vyako, kisha sisikii kitu. Mara ya kwanza nilidhani umeenda chooni. Nilipochungulia nilikuona umechuchumaa kwenye ukungu, kiganja kimelala chini, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Nyasi za pande zote zilikuwa zimelowa umande. Pale ulipochuchumaa, mahali penye upana wa gunia lililotandazwa, zilikuwa kavu.

Ulirudi ndani, ukawasha jiko, ukaniuliza kama nataka chai. Tumekaa mwezi mzima bila kusema juu ya hilo. Basi leo tuseme.

Ulikuwa na miaka saba ule mwaka wa ukame. Unakumbuka baadhi tu, na baadhi umejazia mwenyewe, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa. Baba yako alikuwa askari wa msitu. Mimi nilikuwa karani wa kitalu cha miche, pale pale juu msituni. Tulipewa kulima katikati ya miche michanga kama watu wengine wote: unapanda viazi, unapalilia, na mti wa serikali unakua kwenye jasho lako. Chini ya udongo ule mweusi kulikuwa na mizizi ya mitarakwa mikubwa iliyokatwa zamani, kabla hata sisi hatujazaliwa.

Moto ulikuja Januari, ukala kipande cha msitu kilicho juu ya nyumba yetu. Tuliuzima kwa matawi, kwa udongo na kwa maji kidogo tuliyokuwa nayo. Halafu tukafanya kama ilivyokuwa desturi ya kazi. Watu walisimama kuzunguka pale palipoungua, mchana na usiku, wakitazama moshi. Moshi ukikoma kabisa, karani anaandika kwamba moto umezimika na watu wanarudi makwao. Moshi ulikoma. Nikaandika. Hakuna aliyekosea hatua hata moja, mwanangu, nataka ulijue hilo. Tulifanya kazi sawasawa, na kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro, kwa sababu sote tulikuwa tunatazama juu.

Mwezi wa pili baridi ya alfajiri ilizidi. Unajua ukame wa huku: mchana jua, na usiku mbingu ziko wazi mpaka umande unaganda. Asubuhi moja nilitoka nikakuta shamba lote ni jeupe kama limepakwa chokaa. Katikati ya ule weupe palikuwa na doa jeusi. Nyasi zake zilikuwa zimesimama, kavu, hazina hata tone. Hakukuwa na moshi wala harufu. Mbwa wetu alifika ukingoni mwa doa, akasimama, akazunguka mbali.

Nilimwambia baba yako. Akasema, "Ni ng'ombe alilala pale." Lakini hatukuwa na ng'ombe nje usiku ule.

Asubuhi ya pili doa lilikuwa pale, ila si pale pale. Kisha asubuhi nyingine, na nyingine. Mimi sikuwa nikipima, nilikuwa na miche ya kitalu ya kumwagilia maji. Siku moja nikaona vijiti. Baba yako alikuwa akiamka kabla ya kila mtu, anachoma kijiti chini pale ukingo wa doa ulipofikia, haniambii. Vilikuwa vimejipanga mstari kutoka kule juu. Niliufuata ule mstari kwa macho, kijiti baada ya kijiti, na nikaona unakoelekea. Ulikuwa unakuja kwa dirisha lako.

Jioni hiyo nilikuwa nakufunika blanketi. Ulinisukuma mkono, ukasema, "Mama, usinifunike. Hii sakafu iko na joto kama tumbo ya ng'ombe."

Ulikuwa unalala chini, kwenye mkeka, kwa kuwa kitanda chako kilikuwa kimevunjika. Nyumba nzima ilikuwa inatetemeka kwa baridi na wewe peke yako ulikuwa na mashavu mekundu. Nilikuwa nimefurahi, unajua? Wiki nzima nilikuwa nikimwambia jirani yetu Mama Kimani kwamba mtoto wangu amenenepa, analala vizuri, hakohoi.

Niliweka kiganja sakafuni. Nikakuchukua na mkeka wako nikakupeleka kitandani kwetu, na sikukueleza kitu. Ulilia kwamba huko ni baridi.

Walichimba handaki siku iliyofuata. Walikuja majirani wote wa ule ukingo wa msitu, na Mama Kimani alikuja na jembe na mdomo wake. Baba yako alikuwa amekazana, hasemi, jasho linamtiririka, ndipo Mama Kimani akamwambia, "Baba Wanja, kama ulitaka kuchimba choo si ungesema tu? Ati moto! Mimi nyumbani nawasha moto kwa kuni kavu na mafuta ya taa na unanikataa, wewe wako unatembea peke yake chini ya ardhi kama panya!" Watu wakacheka. Hata baba yako alicheka. Kisha jembe lake Mama Kimani likakata mzizi, na kicheko kikaisha.

Mzizi ule ulikuwa mnene kama paja la mtu. Kwa nje ulikuwa mzizi. Kwa ndani ulikuwa mtupu, umejaa majivu meupe mepesi, na pale ulipokatwa ikatoka pumzi ya joto. Sikuona mwali. Hakuna aliyeona mwali, siku ile wala siku nyingine yoyote. Ilikuwa pumzi tu, kama mtu amekaribia uso wako gizani akashusha pumzi. Mama Kimani aliweka jembe chini akasema taratibu, "Huyu amekuwa hapa siku zote tukitembea juu yake."

Handaki lilizunguka nyumba, likashuka mpaka kwenye udongo mwekundu usio na mizizi. Mvua ya masika ikaja. Sakafu ikapoa. Wewe ukarudi kwenye mkeka wako ukanung'unika kwamba joto limeenda wapi. Na hapo hadithi huwa inaishia tunapoisimulia kwa wageni.

Lakini haikuishia hapo, Wanja. Iliyobaki ndiyo nataka kukueleza.

Baba yako hakuamini tena ardhi. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba umezimika, kwa sababu mara ya kwanza tulisema umezimika na ukawa haujazimika. Ulimwona kila jioni akizunguka nyumba na ule mtaimbo wake, anauchoma chini, anausubiri, anauchomoa na kuugusisha shavuni kama anayembusu. Wewe ulidhani kila baba hufanya hivyo. Ulimwigiza kwa kijiti, naye alikuwa akikuuliza, "Maitu, ardhi yasema nini leo?" kwa kuwa una jina la mama yake, na kwake ulikuwa mama na mtoto. Nawe ulimjibu, "Inasema iko na usingizi."

Ilipita miaka miwili, akapewa uhamisho kwenda Nanyuki. Kazi nzuri, ofisi, nyumba ya mawe, shule yako karibu. Alikataa. Aliniambia, "Nikienda, nani atagusa chini?" Nikamwelewa. Hilo ndilo kosa langu, kwamba nilimwelewa haraka sana. Nilipaswa kubisha. Nilipaswa kumwambia kwamba mtu anayelinda kitu asichokiona hana siku ya kupumzika, maana hakuna siku kitamwambia kimekwisha. Badala yake nilimpikia uji akatoka na mtaimbo. Nilidhani huo ndio upendo. Ulikuwa upendo, sikatai. Lakini miaka yake yote iliyobaki ilipita hapa akizunguka nyumba moja. Mlima uko pale, barabara iko pale chini, na yeye hakwenda mbali zaidi ya mahali ambapo angeweza kurudi kabla ya giza.

Kifua kilipoanza kumsumbua hakusema. Nami nilikuwa nikitazama kama atakohoa, na hakukohoa, nikaona basi ni mzima. Tazama nilivyorudia. Usiku nilikuwa nikihisi joto la mgongo wake na kujisemea kwamba ana damu nzuri. Tulipofika hospitali daktari aliweka picha ya kifua kwenye taa, akanionyesha kwa kidole. Nilichokiona ni kama ukungu wa huku kwetu Kieni. Unajua yaliyofuata, ulikuwa umeshika mkono wake mwingine.

Sasa niseme juu ya kazi yako, nawe uvumilie, maana nitaisema kama nilivyoielewa.

Jumapili ile Mama Kimani alipokuuliza unaenda ng'ambo kusoma nini, ulijaribu kukwepa. Ulisema, ukimwita shangazi kwa Kigikuyu kama kawaida yako, "Ni mambo ya nyota, Tata." Hakukuachilia. "Nyota gani? Hata hapa ziko." Ukaweka kikombe chini. Ukatuambia kwamba katikati ya galaksi kuna shimo jeusi linalomeza kila kinacholikaribia, na kinachomezwa hupata moto mkali kabla ya kupotea, mpaka kitovu hicho kinang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Ila vingine vimezikwa ndani ya vumbi na gesi. Mwanga wake hautoki. Kwa darubini ya kawaida unaona galaksi ndogo, hafifu, imetulia, kama hakuna kitu. Na vile unavyotaka kuvitafuta wewe viko mbali sana, vya mwanzo mwanzo wa ulimwengu, mwanga wake ulianza safari kabla dunia hii haijakuwepo.

"Sasa kama hauonekani, mnajuaje uko?" akauliza Mama Kimani.

"Vumbi lenyewe linapata joto, Tata. Joto tunaweza kulipima. Na kuna miale mikali ya eksrei inayopenya."

"Ile ya hospitali?"

"Ndiyo, ile ile."

Akakutazama, akanitazama mimi. "Huyu mtoto alilala juu ya moto, sasa anaufuata mpaka mbinguni. Si ungesomea tu ualimu, Wanja?"

Ulicheka mpaka ukamwaga chai. Lakini mimi nilishika neno ulilosema baadaye, tulipokuwa tukimsindikiza. Ulisema setilaiti zimepima anga kwa eksrei na kukuta si jeusi. Kila upande kuna mng'ao hafifu. Watu wamehesabu vitu vyote wanavyovijua vinavyotoa miale hiyo, wakajumlisha, na jumla haijafikia mng'ao ule. Umebaki mwingi usio na mwenyewe. Kwa hiyo wanadhani kuna vingine vingi sana, vimefunikwa, kila mahali, na bado hakuna aliyeviona. Ulisema kwa furaha, kama mtu aliyeahidiwa kazi isiyoisha.

Mimi sikufurahi. Tangu siku ile nikitoka nje jioni kufunga kuku, sitazami juu kwa raha. Nilikuwa nikijua kwamba giza ni mahali ambapo hakuna kitu. Ndivyo nilivyokulea, ulipoogopa nilikuambia, "Hakuna kitu pale, lala." Sasa umeniambia kwamba giza lote lina joto kidogo, kila upande, na kwamba kuna vinavyokula ndani yake, vimefunikwa vizuri, tangu kabla ya mtu wa kwanza. Na vingine huenda vimeshazimika zamani na joto lake ndilo linafika leo. Nimefunga kuku nikihisi natazamwa shingoni. Mwanamke wa umri wangu!

Lakini nimefikiri juu ya tofauti, na nimeifikiri kwa utaratibu kama unavyonijua. Baba yako na wewe mlishikwa na kitu kimoja. Yeye kilimfunga mguu hapa. Wewe kilikutoa. Ulipokuwa na miaka saba kiliingia chini ya mkeka wako, na badala ya kukuogopesha kilikufanya uulize joto linaenda wapi. Sijui kwa nini. Sijakufundisha mimi. Ila nimeona jana jioni jinsi ulivyosimama kwenye karai la vyombo, mabega yamepanda juu, na nikaona mabega ya baba yako. Ulisema "siendi" kwa sauti ile ile aliyoikatalia Nanyuki. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sehemu kavu nyuma ya jikoni haijawahi kuniogopesha hivyo.

Utaniuliza kama nimepima. Nimepima. Nilitoa mtaimbo wa baba yako nikauchoma pale, na nikauchoma tena kwenye bustani ya sukumawiki ili nilinganishe. Mara ya kwanza nilihisi joto shavuni. Mara ya pili sikuhisi. Mara ya tatu nilihisi, lakini jua lilikuwa limetoka. Baba yako alizika samadi nyingi upande ule mwaka kabla hajafa, na samadi hupata joto ikioza. Huenda ni hiyo. Huenda mzizi mmoja ulivuka chini ya handaki na umekaa huko miaka yote hii ukijila polepole, kama vile vyako vya mbinguni. Sijui, na sitajifanya najua ili uondoke kwa amani ya uongo.

Ninachojua ni nitakachofanya. Kimani mwana wa jirani atakuja Jumatatu na wenzake wachimbe. Wakikuta samadi, tutaitandaza kwenye viazi. Wakikuta majivu, nimezungumza na mwenye vyumba pale sokoni Chaka, karibu na kinu cha unga, na nitahamia na kuku wangu, na nyumba hii itajijua yenyewe. Baba yako hakuweza kuiacha. Mimi naweza. Ni mbao na mabati na siku zetu ndani yake, na siku nitazibeba.

Kwa hiyo hakuna kitu hapa cha wewe kulinda. Nimetafuta, sijakiona.

Ukifika huko, kuna siku utahesabu na hesabu haitatimia. Usijazie pengo kwa hofu, na usilijazie kwa matumaini pia. Liache wazi uandike kwamba liko wazi. Mimi niliandika "umezimika" mahali nilipopaswa kuandika "hauonekani," na maisha ya watu watatu yalipindia hapo. Hilo tu ndilo naweza kukuambia juu ya kazi ya kisomi, nami niliishia kidato cha nne.

Naona jua linateremka kwenye Nyandarua, na mbwa wa Mama Kimani amebweka, labda ni wewe unapanda. Nitaiweka barua hii ndani ya koti lako la mvua, na usiku wa leo nitakuambia utazame mfukoni.

Gari litakuja alfajiri, litasimama barabara ya mbele. Unywe chai, uvae koti, uchukue sanduku, utoke kwa mlango wa mbele. Usipitie nyuma ya jikoni. Usiende kugusa. Najua mkono wako utawasha, lakini usiende, maana ukigusa na ukahisi joto hutapanda gari, na usipolihisi utasema ngoja nijaribu tena.

Sitakuja kukusindikiza mpaka barabarani. Watu watashangaa, waache washangae. Nitakuwa huku nyuma, nimesimama pale pakavu, bila viatu, mpaka nisikie gari limekunja kona.

Mama yako